Tuwan Usiku: Darasa Tulilolipa Kisogo

Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea insha kuhusu mji wa Seville, kule Uhispania. Aliusifu mtaa wa Triana, ulio ng'ambo ya mto Guadalquivir, kwa wafinyanzi wake, kwa vijia vyake, na kwa flamenco inayochezwa hadi usiku wa manane. Insha ilikuwa nzuri. Nilipomuuliza kwao ni wapi, alijibu kwa sauti ya chini, "Tuwan, Kitale." Nikamuuliza usiku wa Tuwan ukoje. Akacheka. "Huko hakuna kitu, mwalimu."

Jibu hilo limeninyima usingizi. Mimi pia nililelewa katika mtaa huo, na najua kwamba kitu kipo. Kinachokosekana ni jicho la kukitazama.

Jua linapozama nyuma ya Mlima Elgon, Tuwan huamka mara ya pili. Akina mama huwasha taa kando ya njia, mahindi yakageuzwa juu ya makaa na mutura ukakatwa vipande. Muuzaji humwita mteja kwa Kiswahili, humgeukia jirani kwa Kibukusu, kisha huitikia salamu ya Kigikuyu, ya Kiturkana au ya Kisabaot. Na ifikapo Agosti ya mwaka unaogawika kwa mbili, kengele za chinyimba za vijana wa Kibukusu wanaojiandaa kutahiriwa husikika mtaani, na nyimbo hukesha nazo.

Hata majina ya mitaa ni somo. Matajiri wa Kitale, kama wenzao wa Kisumu na Nakuru, wana Milimani yao. Maskini wana Kipsongo, Mitume na Shimo la Tewa. Tewa ni samaki wa baharini, na Shimo la Tewa la pwani liko karibu na Mtwapa. Samaki huyo alipandaje hadi nyanda za Trans Nzoia? Mwalimu, mpe mwanafunzi daftari akawaulize wazee. Atarudi na isimu na historia kwa pamoja.

Mji huu ulianzishwa na walowezi mwaka 1908, na mashamba yao yakavuta vibarua kutoka kila upande. Makumbusho ya Kitale, yaliyofunguliwa mwaka 1974, yana asili yake katika vipepeo, ndege na vitu vingine vilivyokusanywa na mlowezi Hugh Stoneham. Vipepeo vilipata mtu wa kuvihifadhi. Maneno ya vibarua je?

Maneno hayo sisi walimu tumeyapiga vita. Katika shule niliyosomea, mtoto aliyeteleza akasema lugha ya mamaye alivikwa kibao shingoni hadi jioni. Leo hatuviki kibao, lakini mtoto akisema "niko na kalamu" badala ya "nina kalamu", darasa zima huangua kicheko. Sisemi tuache Kiswahili sanifu. Mtihani unakidai, na mtoto wa maskini anakihitaji kuliko yeyote. Nasema tumfundishe sanifu bila kumfundisha kuionea haya sauti ya kwao. Mtoto aliyechekwa hujifunza jambo moja haraka: kunyamaza.

Wala sitaupaka usiku wa Tuwan asali. Chang'aa imewamaliza wenzangu niliocheza nao, na kuna vichochoro ambavyo msichana hupita mbio kwa hofu. Hayo nayo yaandikwe, kwa kuwa mtaa usioandikwa huwa hauna wa kuutetea.

Turudi Triana. Flamenco haikuzaliwa katika majumba ya wakubwa. Waliokuwa nguzo zake ni Wagitano na vibarua waliodharauliwa, katika mitaa kama ule. Mwaka 2010 UNESCO iliitia katika orodha ya turathi za binadamu, na wageni husafiri mbali kwenda kuitazama. Wahispania wangeng'ang'ania kwamba Triana "hakuna kitu", mwanafunzi wangu asingekuwa na la kuandika.

Wahenga walisema, mkataa kwao ni mtumwa. Nilimrudishia kijana insha yake pamoja na alama alizostahili, nikamwomba ya pili: aketi jioni moja kando ya jiko la mamaye, pale anapouza mahindi, aandike kila neno atakalosikia. Alinitazama kwa mshangao, kisha akauliza kama ruhusa ipo ya kuandika na Kibukusu.

Nilimwambia ipo. Nawe mwalimu unayesoma haya, wako umeshamwambia?