Pakeji ya Jinja au kila kitu kivyake? Kweli na uongo wa safari ya kuvuka mpaka

Shule zikikaribia kufungwa, matangazo yaleyale hurudi kwenye simu zetu hapa Busia na kule Malaba: Jinja siku mbili, usafiri, chakula na malazi ndani, weka nafasi mapema. Wamarekani hubishana kuhusu Disneyland, bustani yao ya michezo ya burudani. Sisi wa mpaka wa Kenya na Uganda tunabishana kuhusu Jinja, upande wa Uganda. Ni kilomita 120 hivi kutoka Busia, Malaba inazidi kidogo, na pale mtoto huona kwa macho yake mahali Ziwa Viktoria linapogeuka kuwa Mto Naili. Anapanda boti, na akikua atapanda mashua ya mpira kwenye maji makali. Swali la mzazi ni moja: alipe pakeji nzima, au anunue nauli, kitanda, chakula na boti kila kimoja kivyake?

Nimesafiri kwa njia zote mbili, pamoja na watoto na bila wao. Haya ni madai ninayoyasikia kwenye mikutano ya chama, baada ya ibada na kwenye foleni ya uhamiaji, na jinsi ninavyoyaona baada ya kuyapima kwa pesa zangu.

"Kununua kila kitu kivyake ni nafuu siku zote."

Si kweli. Dai hili hupendwa na wanaosafiri peke yao, na kwao lina ukweli. Lakini gharama za safari ni za aina mbili. Kuna zinazogawanyika: gari, dereva, mwongozaji, boti. Boti ikishawashwa injini, mafuta ni yaleyale iwe imebeba watu wawili au wanane. Kisha kuna zisizogawanyika: kitanda chako, sahani yako, tiketi yako ya mlangoni. Pakeji inaweza kukuokolea pesa nyingi kwenye zile za kwanza. Kwenye zile za pili mara nyingi inakuongezea, kwa sababu mtu amekutafutia hoteli na chakula, naye kazi hiyo lazima alipwe.

Tupige hesabu kwa tarakimu za mfano. Tuseme gari la kukodi la watu 14 linataka shilingi 18,000 kwa siku nzima, dereva na mafuta ndani, na nauli ya kawaida ya kwenda na kurudi ni 1,500 kwa kila mtu. Mkiwa sita, kila mmoja atatoa 3,000 kwa gari la kukodi, mara mbili ya nauli. Mkiwa 12, mmetoka sare. Mkiwa 13, mmeanza kuokoa, tena gari linawangoja, linawashusha mnapotaka na halisimami kila kituo kutafuta abiria. Ndiyo maana mtu akiniuliza ipi nafuu, humuuliza kwanza: mko wangapi? Familia ya watu wanne inayokodi gari zima imelipia viti vya watu ambao hawakuja.

Chama kimoja cha akina mama jirani zetu kimelielewa jambo hili kuliko mawakala wengi. Wanakodi gari pamoja na kupatana bei ya boti pamoja, lakini chakula kila nyumba inajinunulia. Wanasimama Naluwerere, karibu na Bugiri, mahali penye nyama choma na chapati ambapo watoto hawakubali kupitwa. Jinja mjini wanakula rolex, ile chapati iliyokunjwa na mayai ndani, kwa pesa kidogo sana ukilinganisha na chakula cha mchana cha hoteli kilichoandikwa kwenye pakeji.

"Pakeji ni ujanja wa kumkamua mteja."

Si kweli, na historia inalipinga dai hili. Tarehe 5 Julai 1841, Mwingereza Thomas Cook alikusanya watu wapatao 500 akawapakia kwenye treni ya kukodi kutoka Leicester hadi Loughborough, kila mmoja kwa shilingi moja. Hawakuwa matajiri. Walikuwa watu wa harakati ya kupinga ulevi wakielekea kwenye mkutano wao, na treni ile isingewezekana kwa shilingi moja kama kila mtu angejisafirisha kivyake. Biashara kubwa ya pakeji duniani imetokana na kundi kama hilo.

Mfano wetu ni Namugongo, mahali pa hija ya Mashahidi wa Uganda. Kuelekea tarehe 3 Juni kila mwaka, mahujaji huvuka hapa Busia na Malaba, wengine kwa mabasi ya parokia, wengine kwa miguu. Siku hizo vyumba karibu na kanisa hujaa, na anayepanga kutafuta pa kulala akifika usiku wa tarehe 2 atalipa atakachoambiwa. Hapo parokia iliyoweka nafasi miezi kadhaa mapema, kwa jina la kundi zima, inamshinda mbali yule mjanja wa kujitafutia. Kwa safari ya Namugongo wakati huo, mimi hulipa pakeji bila kusita.

"Ukilipia kila kitu, utatumia kila kitu."

Uongo. Disneyland yenyewe, iliyofunguliwa California mwaka 1955, iliishi miaka mingi kwa vitabu vya tiketi zenye herufi: A kwa michezo midogo, na kuanzia 1959 E kwa ile mikubwa. Watu walimaliza E haraka na kurudi nyumbani na tiketi za A ambazo hazikutumika. Mwaka 1982 vitabu hivyo viliachwa, ikabaki tiketi moja ya kila mchezo. Kabla ya kulipia pakeji yenye boti, farasi, pikipiki za magurudumu manne na ziara ya mji katika siku moja, hesabu saa. Ukiondoa njia, foleni ya mpakani na chakula, mtoto wa miaka saba anabakiwa na saa nne au tano za furaha. Vingine vyote umevinunua ili viandikwe kwenye karatasi.

"Pakeji ya Jinja ni pakeji ya Jinja, popote unapotoka."

Si kweli hata kidogo, na hapa ndipo watu wa Busia na Malaba wanapoumia kimyakimya. Safari nyingi za Jinja zimepangwa kwa mgeni anayetua Entebbe na kulala Kampala. Bei inabeba gari la kumchukua Kampala asubuhi na kumrudisha jioni. Wewe unatoka upande wa pili. Jinja iko njiani kabla ya Kampala, kwa hiyo ukinunua pakeji hiyo unapita mji unaokwenda, unaendelea kilomita 80, kisha unageuzwa. Uliza kama bei inashuka usipochukuliwa Kampala. Isiposhuka, kipande hicho kimoja kinatosha kukufanya ununue kivyake.

Uliza pia umehesabiwa kama nani. Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda ina viwango tofauti vya bei kwa wageni wa mbali, wageni wakaazi na raia wa Afrika Mashariki. Mfano ulio wazi zaidi ni kibali cha kuwaona sokwe wa milimani: tangu Julai 2024 mgeni wa mbali hulipa dola 800, na raia wa Afrika Mashariki shilingi 300,000 za Uganda, takriban 11,000 za Kenya. Mtu anayekuuzia pakeji kwa dola bila kukuuliza uraia wako huenda anakutoza bei isiyo yako.

Na tazama picha za tangazo. Maporomoko ya Ripon yalifunikwa na maji bwawa la Owen Falls lilipojengwa, bwawa lililofunguliwa mwaka 1954. Maporomoko ya Bujagali nayo yalimezwa na bwawa jipya lililokamilika mwaka 2012. Tangazo likikuahidi kuona Bujagali ikitoa povu, aliyeliandika hajafika huko siku nyingi.

"Pakeji ikishalipwa, mfuko umefungwa."

Uongo ulionigharimu zaidi. Tangu 2014 Mkenya mwenye umri wa kitambulisho anavuka kwenda Uganda kwa kitambulisho cha taifa, na watu wengi husikia hilo tu. Watoto hawana kitambulisho. Wanahitaji pasipoti au hati ya muda ya kusafiria, na hiyo hutafutwa kabla ya siku ya safari. Kisha kuna kadi ya njano, cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Sindano inahitaji siku 10 kabla cheti hakijaanza kutambuliwa, kwa hiyo kuchanjwa jana hakusaidii. Habari njema ni kwamba tangu Julai 2016 cheti kimoja kinatosha maisha yote. Gharama hiyo ukiilipa mara moja imekwisha.

Mwaka mmoja tulisafiri kwa pakeji ya wakala ambaye hakutaja lolote kati ya hayo. Abiria wanne hawakuwa na kadi. Basi zima lilisimama mpakani kwa muda wa saa tatu tukiwasubiri, chakula cha mchana tulichokwisha kulipia tukakila saa kumi na moja jioni, na boti ikawa imekwisha kuondoka. Waliokuwa wamejinunulia safari kipande kwa kipande walivuka mbele yetu, wakatupungia mkono. Ukiwa ndani ya pakeji, unavuka kwa mwendo wa mwenzako aliyejiandaa vibaya kuliko wote.

"Gari moja kutoka nyumbani hadi Jinja ndiyo njia rahisi."

Kweli kwa mwili, mara nyingi si kweli kwa mfuko. Gari la Kenya likiingia Uganda linahitaji hati zake: kibali cha kuliingiza kwa muda na bima ya COMESA, ambayo nayo, kwa bahati mbaya, inaitwa Kadi ya Njano. Nimeona baba mmoja akiulizwa kadi ya njano akatoa ya chanjo, kumbe inayotakiwa ni ya gari. Gharama hizo mwenye gari la kukodi huziweka kwenye bei yenu.

Mimi huukata msafara pale pale mpaka unapoukata. Tunavuka kwa miguu, tunakodi gari upande wa Uganda. Kituo cha pamoja cha Busia, kilichozinduliwa rasmi Februari 2018 na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni, kimerahisisha jambo hili: anayekwenda Uganda anaendelea moja kwa moja hadi jengo la upande wa Uganda, na maofisa wa nchi zote mbili wapo humo. Malaba utaratibu ni huo huo. Kuvuka kwa kubadilisha chombo ni jadi ya miji hii. Neno boda boda lilizaliwa hapa, enzi za baiskeli zilizobeba watu na mizigo kati ya vituo viwili vya mpaka, waendeshaji wakiita "boda, boda".

Ila lugha ya barabara inabadilika ukivuka. Kule "taksi" ni gari la abiria 14, lile tunaloliita matatu. Ukitaka gari lako peke yako, sema "speshio". Usipojua tofauti hiyo utaambiwa bei ya speshio huku ukidhani ni nauli ya kiti kimoja.

"Kulipa kwa dola hukuepusha na hasara ya kubadilisha pesa."

Uongo. Unabadilisha mara mbili: shilingi yako kuwa dola, kisha dola kuwa shilingi ya Uganda. Tangu 2023 shilingi ya Kenya imekuwa ikipata takriban kati ya 23 na 30 za Uganda. Uliza kiwango cha siku kwa wabadilishaji pesa wawili, kisha badilisha shilingi kwa shilingi.

"Pesa za pakeji ziko salama zaidi."

Nusu kweli, na nusu hiyo inategemea karatasi. Kampuni iliyoanzishwa na Thomas Cook ilianguka tarehe 23 Septemba 2019 ikiwa na wasafiri Waingereza wapatao 150,000 nje ya nchi. Serikali yao iliwarudisha nyumbani, na waliokuwa na pakeji zenye kinga ya ATOL, mpango wa Uingereza wa kulinda pesa za wasafiri, walirejeshewa pesa za safari ambazo hawakuwa wameanza. Kilichowalinda ni ile kinga, wala si neno pakeji. Kwetu Kenya, Sheria ya Utalii ya 2011 iliunda Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii, ambayo ndiyo inayowapa leseni wanaouza safari. Omba kuiona leseni kabla ya kutuma hata shilingi moja. Anayetaka pesa zote kwa namba yake binafsi ya simu, na hana leseni wala risiti, hajakuuzia pakeji. Ukinunua vipande, angalau hasara yako ni ya kipande kimoja: hoteli ikikugeuka, nauli yako bado iko mfukoni.

"Kama ulivyokwenda ndivyo utakavyorudi."

Si kweli kwa aliyejinunulia vipande. Mpaka uko wazi saa 24, lakini taksi za kutoka Jinja huondoka zikijaa, na baada ya jua kuzama zinachelewa kujaa. Hapa mwenye pakeji ana haki ya kutabasamu, kwa kuwa gari lake limemngoja. Safari yetu ya mwisho tulifika kituoni saa moja usiku, wanangu wakisinzia begani. Saa mbili na nusu tulikuwa abiria 12. Tukashauriana na wale mama wawili wa Malaba waliokaa mbele yetu, tukachangiana nauli ya viti viwili vilivyokuwa wazi, na dereva akawasha gari.