Nyama Choma ya Gizani ni Mbuzi Kwenye Gunia

Lori litokalo Mombasa baada ya alasiri huingia Mtito Andei giza limeshatanda. Hapo ni kama nusu ya safari ya Nairobi, na hapo ndipo Kaunti ya Makueni inapompokea mtu wa Pwani kwa harufu ya mbuzi wa kuchoma. Mbele yake kuna Kibwezi, Makindu, Emali na Sultan Hamud. Ukikata kulia Kibwezi ukafuata barabara ya lami ya Mutomo, utafika mji wa Kitui, na huko nako majiko yanafuka hadi usiku wa manane.

Wengi wetu tunaopita njia hiyo tunaijua nyama ya Ukambani kwa utamu wake. Leo nataka tuitazame kwa jambo jingine ambalo halizungumzwi sana, nalo ni taa ya mchomaji. Simaanishi taa ya barabarani wala ile ya hotelini, bali taa ndogo ya kubebeka, yenye shingo inayopinda, inayoelekezwa juu ya wavu wa jiko ili mchomaji na mteja waone nyama ilivyo.

Mtu aweza kuuliza: taa nayo ni habari? Ni habari, msomaji wangu, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni tumbo lako. Nyama iliyoiva nje na kubaki mbichi ndani huonekana sawasawa na iliyoiva kote ukiitazama gizani. Ya pili ni riziki ya mchomaji. Tangu treni ya SGR ianze safari mwaka 2017, wafanyabiashara wa miji ya njia kuu wamekuwa wakilalamika kwamba malori na abiria wanaosimama wamepungua. Biashara ikiwa hivyo, mteja mmoja aliyetafuna nyama mbichi akaitema ni hasara kubwa, kwa sababu kesho dereva huyo atasimama kwingine, na ataambia wenzake.

Nimesimama kwenye majiko mengi ya njia ile, na nimeona wachomaji wanavyohangaika na mwanga. Kuna anayebana simu kwapani huku mkono mmoja una koleo na mwingine una kisu. Kuna anayetegemea mulika mwizi, ile taa ndefu ya sokoni. Mulika mwizi inafaa kwa usalama wa soko, lakini ikiwa nyuma ya mchomaji, kivuli chake mwenyewe huangukia nyama. Akisogea kushoto, kivuli nacho chasogea. Na wako bado wenye koroboi. Hiyo kwanza ina masizi na harufu inayoingia kwenye chakula, pili mafuta yake si rahisi tena. Mwaka 2018 serikali iliongeza tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuzuia yasichanganywe na dizeli.

Wengine wamenunua tochi ya kuvaa kichwani. Inaacha mikono huru, na kwa kuchuna mbuzi au kufunga mizigo ni nzuri sana. Kwa jiko lenye moshi, hapana. Moshi ni chembe ndogo ndogo zinazorudisha mwanga. Mwanga ukitoka kwenye paji la uso, unapiga moshi na kurudi moja kwa moja machoni, kama dereva anayewasha taa kubwa kwenye ukungu. Unaona ukuta mweupe, nyama huioni. Taa ikikaa ubavuni, upande unaotoka upepo, moshi unasukumwa mbali nayo na mwanga unaifikia nyama bila kukupofusha. Ndiyo sababu nasema taa ya jiko lazima iweze kuhamishwa na kuelekezwa, maana upepo wa jioni si lazima uwe ndio upepo wa saa nne usiku.

Sasa tuje kwenye taa yenyewe. Jambo la kwanza ni umbali. Mwanga hupungua haraka kadiri unavyokwenda mbali: taa ndogo ukiisogeza kutoka mita moja hadi nusu mita, nyama inapata mwanga wa takriban mara nne. Kwa hiyo taa ndogo iliyo karibu inashinda taa kubwa iliyoning'inizwa juu ya mti, na inakula chaji kidogo. Wauzaji hutangaza wati, lakini wati ni ulaji wa umeme. Kipimo cha mwanga ni lumeni, na kwa jiko la kawaida taa ya lumeni 300 hadi 500 iliyo karibu inatosha.

La pili, na ndilo linalosahauliwa, ni rangi. Si kila mwanga mweupe unaonyesha rangi ya kweli. Kwenye maboksi ya taa za LED zilizo bora utaona herufi CRI na namba. Mwanga wa jua una CRI ya 100. Taa nyingi za kawaida zina karibu 80, na zile duni huwa chini ya hapo. Kwa nyama tafuta 90 au zaidi, kwa sababu wekundu ndio rangi ya kwanza kupotea kwenye taa duni, na wekundu ndio unaotaka kuuona ukikata kipande cha paja. Boksi likiwa halina namba hiyo, tumia dawa ya kienyeji: washa taa dukani, weka kiganja chako chini yake pamoja na nyanya mbivu. Kiganja kikionekana cha kijivu kama cha maiti, na nyanya ikageuka ya kahawia, irudishe taa kwenye rafu.

Rangi ya nyama si mchezo katika nchi hii. Julai 2019 runinga ya NTV ilirusha makala iliyofichua kuwa baadhi ya wauza nyama wanatumia dawa ya sodium metabisulphite ili nyama iliyokaa ionekane kama imechinjwa leo. Wengi walishtuka. Lakini mwanga nao unaweza kudanganya bila dawa yoyote: globu yenye wekundu ikiwa juu ya nyama, kila kipande kinang'aa kama kibichi. Mteja ana haki ya kuona anachokinunua kwa mwanga usio na hila, aone na muhuri wa mkaguzi kwenye paja kabla halijakatwa, na aone mizani inasoma ngapi.

Tahadhari hapa: taa haipiki. Hata ukiwa na mwanga kama wa adhuhuri, rangi peke yake si ushahidi kamili kwamba nyama imeiva. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kifikie nyuzi joto 70 katikati, na maji yanayotoka kwenye nyama yawe maangavu, si ya rangi ya waridi. Kipimajoto cha sindano ni kidogo kama kalamu. Ukikichoma kwenye kipande kinene, karibu na mfupa bila kuugusa, unapata jibu. Kazi ya taa ni kukuonyesha maji hayo na namba hizo, na kukuonyesha pia pale nyama inapoanza kuungua, kwani ule weusi wa juu una kemikali zinazohusishwa na saratani.

La tatu ni joto. Taa nyingi za kubebeka huja na sumaku, na mtu huona raha kuibandika kwenye ubavu wa jiko. Usifanye hivyo. Sumaku za kawaida za aina hiyo huanza kupoteza nguvu zikifika nyuzi joto 80 hivi, na siku moja taa itadondokea makaa. Betri za lithiamu nazo zinachukia joto. Zikipata moto zinaharibika na zaweza hata kulipuka. Chagua taa yenye kibanio, uifunge kwenye meza ya kukatia au kwenye mti uliochimbiwa kando ya jiko, kisha shingo ndiyo ifike juu ya wavu. Mwanga uelekee chini. Kwenye barabara ya Mombasa hili ni la uhai na mauti: taa inayotazama barabarani inampofusha dereva wa lori, na majiko mengi yako hatua chache tu kutoka kwenye lami.

La nne ni chaji. Hesabu yake ni nyepesi. Betri iliyoandikwa mAh 10,000 kwa volti 3.7 ina wati-saa 37. Taa ya wati 5 ingeweza kuwaka saa saba, lakini ukitoa unaopotea njiani, hesabu saa sita. Mchomaji anayewasha saa moja usiku na kufunga saa sita anahitaji saa tano tu, kwa hiyo anabaki na akiba. Kuijaza, paneli ya sola ya wati 10 kwenye jua kali la Ukambani inatosha siku nyingi. Ila Juni hadi Agosti mawingu hukaa Kitui na Makueni hata wiki nzima. Kwa miezi hiyo paneli ya wati 20 haitakuangusha. Na paneli ndiyo ikae juani. Betri ikae kivulini.

La tano ni wadudu na mvua. Wavuvi wa dagaa wa Unguja na Pemba wamewasha karabai baharini miaka mingi kwa sababu samaki hufuata mwanga. Wadudu nao ni hivyo hivyo. Mvua za Novemba zikianza Ukambani, kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu na kuvamia taa yoyote, na watu hawapendi kuwatafuna pamoja na kachumbari. Mwanga wa samawati unawaita zaidi. Mwanga wa manjano, ulioandikwa kelvini 2,700 hadi 3,000, unawaita kidogo. Ukiweza, weka taa nyeupe ya bei nafuu mbali kidogo iwe mtego wao, na ile njema ibaki jikoni. Kwa mvua, tazama alama ya IP. IP44 inavumilia matone. IP65 inavumilia vumbi na maji ya kurushwa.

Mvua hiyo hiyo ina hatari nyingine kubwa zaidi. Kwa kukosa mwanga nje, wapo wanaoingiza jiko la makaa chumbani penye globu. Makaa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na watu hulala wasiamke. Taa ya kubebeka inamwezesha mtu kubaki nje, chini ya turubai lililo wazi pande zote. Kwa hilo pekee imeshalipa gharama yake.

Rai yangu kwa wachomaji wa Mtito, Emali, Wote, Mutomo na Mwingi ni hii: msinunue kila mtu taa yake ya kubahatisha. Chama cha watu kumi kikinunua kwa pamoja kitapata bei ya jumla, na kitaweza kumrudia muuzaji kwa sauti moja taa zikifa kabla ya wakati. Serikali za kaunti mbili hizo, zinapojenga masoko na kusimamisha mulika mwizi, ziwaulize wachomaji jiko litakaa wapi kabla ya kuchimba shimo la nguzo.

Nasi wateja tunaotoka Pwani tuna sehemu yetu. Ukishuka kwenye gari, nenda kwenye jiko lenye mwanga, hata likiwa la pili kwa ukaribu. Muombe mchomaji akate kipande kinene mbele yako. Kama hakuna taa, mwambie kwa upole, "Ndugu yangu, nimulikie nione." Mwenye nyama njema hatakasirika. Kizuri chajiuza, lakini sharti kwanza kionekane.