Siri ya Ofisi na Siri ya Mwizi

Kila kazi ina siri zake. Karani wa hospitali ajua maradhi ya wagonjwa. Karani wa benki ajua akiba za watu. Mpiga taipu husoma barua za mkubwa wake kabla hazijatiwa sahihi. Mfanyakazi mwaminifu hazitangazi habari hizo sokoni wala ndani ya basi. Akizitangaza, amewavunjia watu heshima na astahili kuadhibiwa.

Lakini iko siri ya namna nyingine. Tuseme magunia 100 ya saruji yameandikwa katika daftari la bohari, na yaliyoingia ni 80 tu. Mtunza bohari aambiwa atie sahihi, kisha aonywa: “Mambo ya ofisini hayatoki nje.” Maneno ni yale yale ambayo karani wa hospitali hufundishwa, lakini kazi yake sasa ni nyingine kabisa.

Mtu atazitofautishaje siri hizi mbili? Yafaa ajiulize swali moja: Siri hii yamlinda nani? Siri ya maradhi yamlinda mgonjwa. Siri ya akiba yamlinda mwenye fedha. Siri ya magunia 20 haimlindi mwenye mali hata kidogo, kwa maana yeye ndiye anayefichwa. Yamlinda aliyeyachukua. Siri ya namna hiyo si amana, na anayeitunza ameshirikiana na mwizi hata kama hakupata senti moja.

Katika historia ya Kenya upo mfano mkubwa wa jambo hili. Mapema katika miaka ya 1990 kampuni iitwayo Goldenberg ililipwa na Serikali mabilioni ya shilingi, kana kwamba yauza dhahabu na almasi katika nchi za ng’ambo. Kenya haikuwa na machimbo ya almasi, na dhahabu yake ilikuwa kidogo. Tena, sheria iliruhusu wauzaji bidhaa nje walipwe fidia ya asilimia 20, lakini kampuni hiyo ilipewa asilimia 35.

Wakati huo kijana mmoja, David Munyakei, alikuwa karani katika Benki Kuu ya Kenya, na hati za malipo zilipita mezani pake. Akaona kwamba hesabu zake si sawa. Hati zikawafikia wabunge, na mwaka 1993 jambo hilo likatajwa hadharani. Munyakei alikamatwa na kushtakiwa kwa sheria ya siri za Serikali. Hakutiwa hatiani, lakini kazi yake aliipoteza. Akahamia Mombasa. Miaka kumi baadaye, mwaka 2003, Serikali mpya iliunda Tume ya kuchunguza mambo ya Goldenberg chini ya Jaji Samuel Bosire, naye akaja kutoa ushahidi wake. Alifariki mwaka 2006, hali yake ikiwa ya umaskini, na kazi yake hakurudishiwa.

Habari hii yatufundisha kwamba uaminifu waweza kumgharimu mtu sana. Haifai kumdanganya msomaji kwamba kila asemaye kweli hupewa zawadi. Ndiyo sababu sheria zimeongezwa tangu siku zile. Sheria ya Rushwa ya mwaka 2016 yamtaka kila mwenye madaraka, katika ofisi ya umma au katika kampuni ya watu binafsi, aiarifu Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi katika muda wa saa 24 ajuapo au ashukupo kwamba rushwa imetolewa. Sheria hiyo yakataza pia kumfukuza, kumshusha cheo au kumsumbua mtu aliyetoa habari za rushwa. Atakayefanya hivyo aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi milioni moja, au kufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au yote mawili. Nayo Sheria ya Kupata Habari, ya mwaka huo huo, yamlinda mfanyakazi atoaye habari kwa nia njema na kwa manufaa ya umma, akizipeleka kwa wanaohusika.

Hata hivyo, ulinzi huo si ruhusa ya kusingizia. Wako watu ambao, wakinyimwa cheo, hukimbilia kumchafulia mwenzao jina. Kwa hiyo mtu aonaye ubaya kazini na afuate njia ya busara. Kwanza, asitie sahihi jambo asilolishuhudia. Pili, aandike alichokiona kwa macho yake: tarehe, idadi ya vitu, na nambari za hati. Asiandike uvumi. Tatu, ampelekee mkubwa wake. Ikiwa mkubwa ndiye mshirika, basi apeleke habari kwa Tume au kwa polisi, wala asizitangaze barabarani.

Wenzake wa kazini nao wana wajibu. Mara nyingi mtu aliyesema kweli huumizwa kwanza na watu wa meza za jirani: hawamsalimu, hawali naye, humwita mchongezi. Sheria haiwezi kumlazimisha mtu amsalimu mwenzake. Jambo hilo limo mikononi mwetu wenyewe.

Wazee walisema: Mficha maradhi, kifo humfichua. Bohari huisha, kampuni hufungwa, na wote waliokuwa wakila mshahara wake hurudi nyumbani mikono mitupu, mwizi pamoja na wale walionyamaza. Afadhali ugonjwa utajwe mapema, ungali watibika.