Malkia wa Vita na Swali la "Nani Yuko Nyuma Yake?"

Dada ukipewa cheo, subiri kidogo tu. Kabla hata kiti hakijapata joto, swali litakufikia: "Nani yuko nyuma yake?" Hawaulizi umesomea nini, wala umeitumikia kazi hiyo miaka mingapi. Wanamtafuta mwanaume. Kama hujaolewa, basi ni bosi mkubwa. Kama umeolewa, ni mume. Akikosekana kabisa, watasema ni mganga!

Mimi nasimamia ghala la mpunga hapa Chimala, kwenye barabara kuu ya Mbeya kwenda Makambako. Nina wafanyakazi tisa, na sita kati yao wamenizidi umri. Nilipokabidhiwa funguo nilianza kuuliza: hivi huku kwetu Nyanda za Juu Kusini hakuna mwanamke aliyewahi kukalia kiti kizito kuliko changu? Yupo. Unapanda gari, unapita Igawa, Makambako na Njombe mpaka Songea, na jina lake unalikuta kwenye orodha ya mashujaa wa Majimaji. Anaitwa Mkomanile.

Nduna, siyo pambo

Usimfikirie malkia wa kwenye sinema, mwenye taji na gauni refu. Mkomanile alikuwa kiongozi wa Wangoni katika eneo la Kitanda, ambalo leo lipo wilaya ya Namtumbo. Juu yake walikuwepo wafalme, yaani nkosi: Mputa Gama upande wa Njelu na Chabruma upande wa Mshope. Chini yake walikuwepo watu waliongoja kusikia atasema nini. Si unajua hali hiyo? Juu kuna wakubwa, chini kuna wanaokutazama, wewe upo katikati. Kila meneja kijana anaijua.

Wajerumani walijenga boma lao Songea mwaka 1897. Baada ya hapo zikaja kodi, kazi za kulazimishwa, na wakuu wa Kingoni wakajikuta wananyang'anywa madaraka yao hatua kwa hatua. Kwa hiyo, msomaji wangu, ilipofika mwaka 1905 hasira ilikuwa tayari ipo. Kilichokosekana ni njia ya kuwaunganisha watu.

Njia hiyo ikatokea mbali, Ngarambe, kusini mwa mto Rufiji. Kinjikitile Ngwale alikuwa akigawa maji ya dawa, na watu wakaamini kwamba maji hayo yatazigeuza risasi za Mjerumani kuwa maji. Vita ikawaka Umatumbi mwezi Julai 1905. Kinjikitile mwenyewe alinyongwa mapema Agosti, lakini dawa ilishavuka mito na milima. Aliyeifikisha Ungoni ni Omari Kinjala. Mkomanile akampokea, akaikubali dawa, na akawa miongoni mwa waliowavuta wakuu wa Ungoni kuingia vitani.

"Si alikuwa mpenzi wake?"

Hapo ndipo simulizi linapobadilika ghafla. Wapo wanaokusimulia kwamba Mkomanile na Kinjala walikuwa wapenzi, na wakishafika hapo wanatulia, kana kwamba wamemaliza kueleza kila kitu. Eti alipenda, ndiyo maana akapigana.

Labda walipendana, labda hawakupendana. Mimi silo linaloniudhi. Hebu tazama upande wa wanaume. Mputa aliikubali dawa ileile. Chabruma pia aliikubali. Umewahi kusikia mtu akiuliza ni mwanamke gani aliyewadanganya? Hata hapa kwetu Usangu, Mtemi Merere alichagua kubaki upande wa Wajerumani katika vita ile. Tunasema alikuwa na hesabu zake na majirani, alipima faida na hasara. Merere akichagua, tunaita siasa. Chabruma akichagua, tunaita vita. Mkomanile akichagua, tunaita mapenzi!

Uamuzi wao haukuzaa matunda. Tarehe 21 Oktoba 1905 jeshi la Wajerumani liliwashambulia Wangoni kwa bunduki za rashasha karibu na Namabengo, na hapo ikadhihirika kwamba maji hayazuii risasi. Baadaye wakachoma mashamba na maghala ya chakula. Waliokufa katika vita nzima wanakadiriwa kuwa kati ya watu 75,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa. Mimi ninayelala na funguo za ghala najua kidogo maana ya watu kukosa nafaka, na jambo hilo silisomi harakaharaka.

Kwa hiyo simsifii Mkomanile kwa sababu alipatia. Ninamheshimu kwa sababu uamuzi ulikuwa wake, na gharama yake aliilipa mwenyewe.

Nyumbani je?

Sasa tuje kwetu, wapenzi na wachumba. Mwanamke akiwa kiongozi, anayebanwa kwanza mara nyingi ni mwanaume wake.

Mchumba wangu ni mwalimu. Msimu uliopita mfanyabiashara mmoja aliyeshindwana na mimi kwenye bei alimpigia yeye simu. "Kaka, mwambie shemeji atufikirie kidogo." Mchumba wangu akamjibu, "Shemeji yako ana simu yake." Akakata. Wiki ileile kwenye kijiwe cha kahawa wakaanza kumtania kwamba amekaliwa kichwani. Alirudi kanuna, na siku mbili hatukuongea vizuri. Kwa kweli niliogopa. Nilijiuliza kama hiki cheo kitanigharimu ndoa ambayo hata haijafungwa.

Tulikaa chini tukazungumza, na haya ndiyo tuliyokubaliana. Wewe na mwenzako mnaweza kuyapima.

Kwanza, hakuna anayepitisha ujumbe wa kazi kwa mwenzake. Mtu akitaka bei, aje ghalani. Akitaka mwanafunzi ahame darasa, aende shuleni.

Pili, ushauri ni ruksa, tena unahitajika. Kinjala alimletea Mkomanile habari na dawa, na mchumba wangu huniletea mawazo mazuri kila jioni. Lakini nikishasema ndiyo au hapana ghalani, hiyo ni ndiyo yangu au hapana yangu. Mambo yakiharibika, sitasema "mwenzangu alinishauri."

Tatu, utani wa kijiweni tunauleta mezani siku hiyohiyo. Neno la kejeli likilala ndani siku tatu, linaamka likiwa ugomvi.

Nne, na hili aliliomba yeye: nikivuka mlango wa nyumbani, umeneja unabaki nje pamoja na viatu. Naye akaongeza kwamba hata ualimu wake utabaki hapohapo. Tulicheka, ikapita.

Kamba haikuuliza

Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi na wapiganaji wa Kingoni pale Songea, zaidi ya 60 kwa siku moja. Nkosi Mputa alikuwemo. Mkomanile alikuwemo pia, mwanamke pekee kati yao. Nduna Songea Mbano aliuawa siku chache baadaye. Leo pale kuna Makumbusho ya Taifa ya Majimaji, na kila mwezi Februari watu hukusanyika kuwakumbuka. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea na kuomba msamaha.

Mpenzi msomaji, likizo ikifika nenda Songea na mwenzako. Simameni mbele ya orodha ile, mlitafute jina la Mkomanile. Wale waliomnyonga hawakujali nani alikuwa mpenzi wake. Walijua fika kwamba wanamwua kiongozi. Inasikitisha kwamba adui alilitambua hilo siku ileile, na sisi wajukuu bado tunamtafutia mwanaume wa kusimama nyuma yake.