Kikosi Kilichokataa Ujira Pungufu

Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoipasua Marekani tangu mwaka 1861 hata 1865, ambapo majimbo ya kusini yalijitenga ili yaudumishe utumwa na yale ya kaskazini yakashika silaha kuulinda umoja wa dola, ni vikosi vichache vya askari wa miguu vilivyopata sifa kama kiliyoipata Kikosi cha 54 cha Massachusetts. Kiliundwa mwanzoni mwa 1863, mara baada ya Rais Abraham Lincoln kutangaza uhuru wa watumwa katika majimbo yaliyoasi. Maofisa wake walikuwa Wazungu, na askari wake watu weusi, wengi wao waungwana wa kaskazini ambao hawakupata kuwa watumwa.

Sifa hiyo walijipatia jioni ya tarehe 18 Julai 1863, walipoishambulia ngome ya Wagner, karibu na bandari ya Charleston. Njia ilikuwa ukanda mwembamba wa mchanga, bahari upande mmoja na kinamasi upande wa pili, na mizinga ikiwaelekea usoni. Kanali wao, Robert Gould Shaw, kijana wa miaka 25, aliuawa juu ya boma. Katika watu wapatao 600, zaidi ya 250 waliuawa, walijeruhiwa au hawakuonekana tena. Adui alimfukia kanali katika shimo moja na askari wake kwa maksudi ya kumdhalilisha. Lakini baba yake akakataa mwili usihamishwe, akiona kuwa hapana kaburi tukufu kuliko hilo.

Lakini kulikuwa na vita vingine, navyo vilihitaji stahamala kuliko ushujaa. Walipoandikwa, askari hawa waliahidiwa dola 13 kwa mwezi, sawa na Mzungu. Serikali, ikiegemea sheria ya 1862 iliyowadhania watu weusi kuwa ni vibarua tu wa jeshi, ikawapa 10, kisha ikakata 3 za mavazi. Wakakataa kupokea hata senti moja. Serikali ya Massachusetts ilipojitolea kuwajazia upungufu, wakakataa vilevile, maana dai lao halikuwa la fedha bali la hadhi. Na kwa muda wa miezi kumi na minane wakapigana bila ya ujira, hali wake na watoto wao wakitaabika nyumbani.

Koplo James Henry Gooding, aliyekuwa baharia wa merikebu za kuvua nyangumi, alimwandikia Lincoln mwenyewe, akimwuliza kama wao ni askari au vibarua. Alitekwa Olustee, huko Florida, Februari 1864, akafia kifungoni Julai, mwezi mmoja baada ya Baraza la Taifa kuwapa haki.

Na haki yenyewe ilikuja na kasoro: mshahara kamili wa tangu kuandikwa ungepewa yule tu aliyekuwa huru tarehe 19 Aprili 1861. Kanali Edward Hallowell, aliyemrithi Shaw, akatunga kiapo ambacho kila askari angeweza kukitamka: kwamba kufikia siku ile hakuwa akidaiwa na mtu yeyote kazi isiyo na ujira. Aliyezaliwa utumwani akaapa pamoja na muungwana, wala hapana aliyesema uongo, kwani kwa insafu ya Mungu hakuna binadamu aliyewahi kumdai mwenziwe kazi ya bure.