Nyama ya kuchoma: kuila sokoni ao kuipeleka nyumbani?

Mwezi huu ukurasa wa jamaa unaongea juu ya nyama ya kuchoma. Msicheke. Nyama hii imeleta maneno kati ya baba na mama katika nyumba nyingi, na mimi ninayeandika ni mmoja wa wale waliokosa.

Wengi wenu mnaijua Busasamana. Ni sekta ya wilaya ya Rubavu, upande wa mpaka. Wengine wetu tulipita huko siku ya kukimbia, tukitoka Kibumba na kuingilia Kabuhanga, mizigo kichwani na watoto mgongoni. Leo tunarudi huko kutafuta kibarua, kwa sababu udongo wake wa volkano unapenda viazi, na viazi vinataka mikono ya kuvichimba.

Siku moja nilimaliza kibarua, nikalipwa, nikapita kwenye santere. Hapo kuna kijana anayezunguka na baiskeli. Nyuma amefunga mbabula ya bati, mfuko wa makaa na ndoo ya nyama yenye kifuniko. Leo anasimama hapa, kesho anafuata watu pengine. Anachoma mishikaki ya mbuzi, ile sisi tumezoea kuiita brosheti: vipande vya nyama, kitunguu, na kipande cha mafuta katikati. Harufu ilinishika. Nikala miwili nimesimama, pamoja na kiazi cha kuchoma. Nikapangusa mdomo, nikanawa mikono, nikarudi kambini kama mtu ambaye hakufanya kitu.

Mtoto wangu wa tatu, msichana wa miaka sita, alikuja kunipokea. Akaweka uso kwenye koti langu, akanusa.

"Papa, unanukia nyama."

Mama yake alikuwa anapakua maharagi. Hakusema neno. Aliniwekea sahani yangu, ikiwa imejaa kuliko zote kama kawaida. Wapenzi wasomaji, jioni ile maharagi yalikataa kupita kooni.

Desturi ya kula peke yake

Si mimi tu. Huku Rwanda, na kwetu Kivu vilevile, brosheti ni chakula cha kabare. Mwanaume anakaa na wenzake, chupa mezani, sahani katikati. Mama na watoto wanasikia harufu tu. Hatusemi ni uovu, ni desturi tuliyokuta. Lakini maisha ya ukimbizi yameibadilisha hesabu.

Zamani msaada wa chakula ulikuja katika magunia: mahindi, maharagi, mafuta, chumvi. Mwanzoni mwa mwaka 2014 PAM ilianza kutoa pesa kwa njia ya simu katika kambi ya Gihembe, kisha kambi zingine zikafuata. Kuna faida: mama anachagua mwenyewe anachopika. Lakini gunia likipungua kila mtu analiona. Pesa inaweza kugeuka mshikaki njiani, na nyumbani hakuna atakayejua, isipokuwa koti liseme. Tena msaada wenyewe si wa kutegemea kila siku. Mwaka 2021 PAM ilikosa wafadhili, ikapunguza sana msaada wa wakimbizi hapa Rwanda. Aliyekuwa amezoea kula kidogo njiani alijikuta anakula sahani ya mtoto wake.

Tulivyojaribu tena

Tuliongea usiku, watoto wamelala. Mama watoto alisema: "Sikukatazi nyama. Ukipata kibarua tena, usiile huko. Leta hata kidogo, tukule wote." Tukapatana mambo mawili. La kwanza, pesa ya chakula cha mwezi haiguswi, nyama inatoka kwenye kibarua peke yake. La pili, hesabu inafanywa kabla ya kusikia harufu, kwa sababu baada ya harufu hakuna hesabu.

Kibarua kikapatikana. Nikamkuta yule kijana na mbabula yake.

"Mzee, unakulia hapa ao unabeba?"

"Leo ninabeba. Mishikaki mine."

"Ah! Bibi amekukamata!" Watu wakacheka, mimi pia nikacheka. Mmoja wa waliocheka alinyamaza kidogo, kisha akaomba naye afungiwe miwili.

Kila mshikaki ulikuwa faranga 500, basi mine ni 2,000. Sikuondoka haraka. Nilimwomba akate kipande kimoja, na kweli, ndani kulikuwa bado kwekundu. Nje moto ulikuwa umeshika, ndani bado. Hakukasirika. Aliirudisha yote juu ya makaa, akaisogeza kando ya moto mkali, tukangoja. Kisha niliona anataka kuitoa kwa kisu kilekile alichokatia nyama mbichi. Nikamwomba akioshe kwanza. Akanitazama, akakimwagia maji ya moto. Muuzaji mzuri hachukii maswali ya mnunuzi.

Kuhusu kufunga: mifuko ya plastiki Rwanda iliikataza kwa sheria ya mwaka 2008, kwa hiyo usiitegemee. Alitaka kunifungia katika gazeti la zamani, nikakataa, maana wino wa gazeti si wa kuliwa. Akatafuta mfuko safi wa kaki. Mara nyingine nitakwenda na bakuli langu lenye kifuniko. Pilipili aliiweka kando. Wale wanaopenda Akabanga, ile pilipili ya mafuta ya Nyirangarama, wanajua kwamba matone mawili yanatosha mtu mzima, na kwa mtoto hata tone moja ni kilio.

Ugawaji

Nilipanda pikipiki ili nyama isikae njiani. Kila mshikaki ulikuwa na vipande sita, jumla 24. Sisi ni watu saba. Mama watoto aliviondoa kwenye vijiti, akavitupa vijiti mbali ili watoto wasichomane macho. Akakaanga kitunguu na tomati, akatia vipande, akaongeza maji kidogo, akaacha vichemke vizuri. Nyama ya siku moja ikawa mchuzi wa sufuria nzima, na moshi wa makaa ukaingia mpaka kwenye lengalenga. Tukala na bugali. Kila mtu vipande vitatu, mdogo kabisa akikatiwa vidogovidogo asikabwe. Vikabaki vitatu. Nilidhani vitakuwa vyangu. Mama watoto aliviweka katika kibakuli pamoja na mchuzi, akamtuma mvulana kwa mama mzee jirani yetu, anayeishi peke yake.

Yule wa miaka sita alikula kipande cha kwanza na cha pili. Cha tatu alikishika mkononi muda mrefu. Nikamuuliza, mbona hauli? Akajibu: "Nikimaliza, itakuwa imekwisha."

Mambo ya kushika

Kwa jamaa zitakazojaribu, tunawapa haya:

1. Uliza nyama imetoka wapi. Nyama iliyopimwa na daktari wa mifugo ni bora kuliko ya bei ndogo isiyojulikana.

2. Kata kipande kimoja, angalia ndani. Kikiwa chekundu ao damu inatoka, rudisha motoni.

3. Kisu na sahani ya nyama mbichi visiguse iliyoiva kabla ya kuoshwa. Na wewe nawa mikono kwa sabuni.

4. OMS, shirika la afya la dunia, inashauri chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili bila kuwekwa penye baridi. Kambini hatuna friji. Kwa hiyo nunua mwishoni, ukiwa tayari kurudi, na ukifika ichemshe tena mpaka itoe moshi. Usiilaze mpaka asubuhi.

5. Nunua mahali panaporuhusiwa kuuza. Kwa mfano, mwaka 2017 jiji la Kigali liliweka faini ya faranga 10,000 kwa anayenunua kwa wachuuzi wa barabarani, si kwa muuzaji tu.

6. Pesa ya unga, ya dawa na ya daftari za shule ibaki mahali pake. Kama mwezi huu hakuna, hakuna. Maharagi yaliyoliwa na watu wote si aibu.

Hatuwaambii mle nyama kila wiki. Mimi mwenyewe tangu siku ile nimeleta mara moja tu. Lakini koti langu sasa mtoto akilinusa haniulizi nilikula wapi. Ananiuliza nimefunga mingapi.

Na ninyi je, kwenu mnagawa namna gani kitu kidogo kikipatikana? Tuandikieni, ao mje mtuambie kwa mdomo, tutaandika sisi. Mama ambao wana namna nyingine ya kuongeza mchuzi, tunawangojea zaidi. Mungu awalinde mpaka mwezi ujao.