Kumlilia mtoto angali hai: kweli au si kweli?

Ukimlilia mgonjwa unamchuria.
Si kweli. Mama anayeuguza akitokwa machozi wodini, wakubwa humkemea: "Jikaze, unamchuria mtoto!" Ugonjwa hausikilizi machozi. Majonzi yanayotangulia kifo yanajulikana tangu 1944, daktari Erich Lindemann alipoyaeleza kwa jamaa walioagana na askari wa vita. Mzazi huanza kupoteza mapema: mtoto anaacha shule, kisha hawezi kutembea, kisha anakataa hata uji aliokuwa akiupenda. Kila hatua ina kilio chake, na anayelia asubuhi anaweza jioni kuomba mtoto apone. Matumaini hayajamtoka.

Akilia sasa, msibani atakuwa amepoa.
Si kweli. Uchungu haulipwi kwa awamu.

Mtoto hajui, tusimwambie.
Hili ndilo linaloumiza nyumba nyingi, nalo si kweli. Mwanaanthropolojia Myra Bluebond-Langner, katika kitabu chake cha 1978, alieleza watoto wa Marekani wenye saratani ya damu waliojua kwamba wanakufa, wakanyamaza ili kuwalinda wazazi wao. Fikiria upweke huo, kila mmoja akimfichia mwenzake jambo ambalo wote wanalijua! Huko Sweden, utafiti uliochapishwa 2004 uliwauliza wazazi waliofiwa na watoto kwa saratani. Wazazi 147 walikuwa wamezungumza na mtoto kuhusu kifo, na hakuna hata mmoja aliyejuta. Kati ya 258 ambao hawakuzungumza, 69 walijuta, hasa waliohisi kuwa mtoto alijua. Si lazima kumkalisha mtoto na kumhutubia. Akiuliza, "Mama, nitapona?", muulize kwanza anawaza nini, kisha ujibu alichouliza, bila kumdanganya.

Tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, maana yake madaktari wamekata tamaa.
Si kweli. Shirika la Afya Duniani linasema ianze mara ugonjwa unapogunduliwa, sambamba na matibabu mengine. Mofini ya maji, ambayo Hospice Africa Uganda imeitumia kwa miaka mingi, ikitolewa kwa kipimo sahihi hutuliza maumivu, haiharakishi kifo. Na mzazi ambaye mwanawe amelala bila kugumia, naye hupata usingizi.

Baba asiyelia hana uchungu.
Si kweli. Mara nyingi yuko nje anahangaikia bili. Naye aulizwe hali.

Ndugu na majirani wanaweza kusaidia.
Kweli kabisa. Lakini "ukihitaji chochote niambie" humwachia mzazi kazi ya kuomba. Sema, "Dada, leo nalala mimi wodini, nenda kaoge ulale." Wapelekeni shule wadogo zake mtoto. Mtajeni mtoto kwa jina, ulizeni alichocheka leo. Acheni kumwambia mzazi kwamba atazaa mwingine. Na akisema hataki tena kuishi, asiachwe peke yake. Mwambieni muuguzi au daktari papo hapo.